Ufa Huu Wameuchora?

Najua wengi mnasubiri niendelee na ile habari ya shela na mikono ya lesi, lakini leo naomba niiweke sindano pembeni. Kuna neno limenikaa rohoni tangu likizo, bora nilitoe.

Binti wa mama yangu mdogo anaishi Florida, Marekani, karibu na mji wa Orlando, mwaka wa 15 huu. Likizo iliyopita alikuja Unguja na mwanawe wa kiume wa miaka 13. Mtoto Kiswahili anakielewa vizuri, kukisema ndiyo anakivutavuta. Siku ya pili nilimchukua tukatoka dukani kwangu Darajani, tukakata vichochoro vya Mkunazini kwenda kuiangalia nyumba ya marehemu bibi yetu. Njia nzima anageuza shingo, mara milango, mara mabaraza, mara kanga zilizoanikwa dirishani. Akaniambia kwa furaha kabisa, "Mama mkubwa, hapa kama Harambe!"

Sikujua Harambe ni wapi. Nikadhani ni kijiji cha Kenya walikopita njiani, nikaitikia tu.

Tulipofika akasimama uani, mbele ya ukuta ule wenye ufa unaoanzia juu ya mlango ukapanda hadi karibu na paa. Akaupitishia kidole, taratibu, kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Kisha akaniuliza, "Ufa huu wameuchora?"

Nilicheka. Halafu nikamtazama usoni nikaona hatanii, na kicheko kikanikatika.

Mji wa kuchora

Jioni ndipo akanifungulia simu yake na kunieleza. Harambe ni mji uliomo ndani ya kiwanja cha burudani cha kampuni ya Disney huko kwao Florida, kiwanja kinachoitwa Animal Kingdom, kilichofunguliwa Aprili 22, 1998. Hakuna aliyezaliwa humo wala atakayezikwa humo. Watu wananunua tiketi asubuhi, wanaingia, jioni wanafungiwa mlango. Waliokibuni kiwanja hicho, wakiongozwa na msanifu anayeitwa Joe Rohde, walizitazama sana nchi zetu hizi kabla ya kuchora, na mji wenyewe wameuiga zaidi kutoka Lamu.

Jamani, ukiuona utashituka. Kuta nyeupe zilizoliwa na mvua. Plasta iliyobanduka ikaacha ndani kuonekane. Matangazo ya Kiswahili yaliyopauka kwa jua. Kuna kibanda cha vitu baridi kinaitwa Tamu Tamu. Kuna baa inaitwa Dawa, na ijapokuwa baa haituhusu, jina ni letu. Kuna safari ya kutazama wanyama iliyopewa jina la Kilimanjaro, eneo lake peke yake ni kama ekari 110, na humo ipo mibuyu iliyotengenezwa kwa zege. Lile neno Harambe nalo nadhani mmeshalitambua. Ni harambee ya Mzee Kenyatta, imepungukiwa na e moja njiani.

Na uchakavu wote ule ni wa kutengeneza. Ukuta ulijengwa mpya kwa zege, kisha mafundi wakalipwa kuuzeesha: hapa tia doa la maji, hapa bandua plasta, hapa chora ufa. Mimi ni fundi cherehani, jambo hilo nalielewa. Kuna wateja wananiletea suruali ya jinzi niipunguze kiuno, suruali mpya kabisa iliyochanwa magotini kiwandani, na ile iliyochanwa ni ghali kuliko nzima. Kwa ufundi nimewakubali. Lakini mtoto wangu amekulia kwenye ufa wa kuchora, na alipouona wa kweli, wa nyumba ya bibi wa mama yake, alitafuta brashi ilipopita.

Mashabiki wenye mabishano yao

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mambo haya yana mashabiki, na mashabiki wenyewe ni kama wa Simba na Yanga. Sasa hivi wanabishania Paris. Mwezi wa Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba kwenye kiwanja chao cha pili kule Ufaransa, kile kilichofunguliwa 2002 kwa jina la Walt Disney Studios na ambacho wamekibadilisha kuwa Disney Adventure World, watajenga sehemu nzima ya The Lion King. Ile katuni ya mwaka 1994, nyote mnaijua. Kutakuwa na jabali la mfalme, na ndani yake mtaingia kwa mashua mteremke majini. Ujenzi ukatangazwa kuanza mwaka 2025, msimu wao wa majani kupukutika.

Yule mtoto alikuwa akinisomea huku mimi natia vifungo. Huyu anasema Paris ni baridi, nani atakubali kurushiwa maji mwezi wa Disemba. Yule anamjibu kwamba watu watavaa makoti ya mvua. Mwengine ana uchungu kwamba kiwanja kile kilianzishwa kuonyesha namna filamu zinavyotengenezwa, na sasa kila kona inapewa filamu moja na mapambo yake. Mwengine analalamika mchezo mmoja hautoshi sehemu nzima. Wapo wanaotazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakahesabu vyuma na kreni, wakagombana kuhusu jiwe lenyewe: liwe jekundu kiasi gani, liwe na nyufa kiasi gani ndiyo lionekane la Afrika kweli.

Akanieleza kuwa sio mara ya kwanza. Mwaka 2011 ilipotangazwa kwamba ndani ya Animal Kingdom, hatua chache kutoka Harambe, itajengwa sehemu ya filamu ya Avatar, wengi walikasirika. Walisema kiwanja cha wanyama wa kweli na viumbe wa buluu wa kwenye sayari ya kubuni wanahusiana nini? Harambe, walisema, angalau inaiga mahali palipo duniani. Ujenzi ukaanza 2014, ukachukua zaidi ya miaka mitatu, sehemu ikafunguliwa Mei 27, 2017 na milima yake inayoonekana kuelea hewani, na waliokuwa wakilaumu wengi wao wakaenda kupanga foleni.

Mwanzo nilicheka. Watu wazima, wana kazi na watoto, wanakesha kwa rangi ya jiwe la bandia! Lakini nilivyozidi kusikiliza nikaanza kuona wivu. Sio wivu wa kiwanja. Wivu wa yale mabishano. Mtu hagombani juu ya kitu asichokijali. Wale wanajua ukuta gani ulipakwa rangi gani mwaka gani. Ukibadilishwa, wanauliza nani kabadilisha na kwa nini. Mimi nimepita mbele ya nyumba ya bibi yangu miaka mingi, na ule ufa sikuwahi kuuliza ulianza lini.

Maneno yetu yana thamani kwao

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wenzangu wenye biashara. Msidhani maneno ya Kiswahili kwao ni pambo tu. Mwaka 1994 kampuni hiyohiyo iliomba Marekani usajili wa alama ya biashara ya "Hakuna Matata" kwa upande wa nguo, ikaandikishwa 2003. Mwisho wa 2018 watu wakaamka, na waraka wa kupinga ukatiwa saini na zaidi ya watu laki moja. Usajili huo ni wa kule, hauwezi kumzuia muuza fulana wa Forodhani. Lakini tafakari kidogo. Sisi maneno hayo tumewaachia watalii, wenyewe tunasema "hamna tabu" na kupita. Mwengine aliyaona yana bei, akayaandikisha.

Hata majina ya wale wanyama ni yetu. Simba na Rafiki hayahitaji tafsiri. Sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona juu ya lami wakati wa jua kali. Pumbaa ni kupumbaa. Mwanangu aliposikia maana ya Pumbaa alicheka mpaka akalala chini. Alikuwa amelitamka maisha yake yote.

Barafu ya Unguja

Sasa nije kwetu, maana mkono unaonyoosha kidole na wewe unao.

Mwaka huu mwanzo nilipata bi harusi, msichana mzuri, mwenye heshima zake. Alitaka gauni la buluu lenye joho refu linaloburura, kama la Elsa wa Frozen. Nikamshonea, nikalipandisha shingo, nikalitia mikono mirefu na kilemba chake, likatoka gauni la kistara na la kupendeza. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini ukumbini familia ilimlipa mpambaji shilingi milioni tatu ajenge kasri la barafu. Mbao nyepesi, sponji, pamba, taa za buluu. Mwezi wa Februari, Unguja, mnalijua joto lake. Feni zinapuliza pamba, watoto wanaila wakidhani ni sufi ya peremende, shangazi wa bwana harusi anajipepea na mkoba akisema, "Barafu gani hii inanitoa jasho?"

Asubuhi yake nilipita karibu na ukumbi ule kufuata kitambaa changu nilichowaazima. Kasri lote lilikuwa limelazwa nje, linasubiri gari ya taka. Minara yake ilikuwa imeloa umande.

Nikakumbuka hili baadaye wakati mtoto ananisomea habari za Paris. Tazameni tulivyobadilishana. Wao wana baridi ya kweli, wanatumia fedha nyingi kujenga mbuga yenye jua. Sisi tuna jua la kweli, tunatumia fedha tusizonazo kujenga barafu. Tena pale Paris, jirani na hiyo sehemu ya simba, wamejenga sehemu ya Frozen. Kwa hiyo wao barafu wanayo na simba wanaye. Sisi tumebaki na sponji.

Na mambo yanasogea karibu. Mei 2025 kampuni ilitangaza kwamba itakuwa na kiwanja Abu Dhabi, kisiwa cha Yas. Sisi tunaokwenda Dubai kununua vitambaa tutaanza kuulizwa na watoto kwa nini tumerudi bila picha za kasri.

Bibi naye alikwenda sinema

Msinielewe vibaya mkasema fundi amekuwa mkali. Filamu hazikuingia Unguja jana. Pale Vuga palikuwa na sinema ya Royal, ikaungua 1954, mwaka uliofuata ikajengwa upya kwa jina la Majestic. Zama hizo sinema za mjini zilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mama zetu na bibi zetu walikwenda na mabaibui yao kutazama picha za Kihindi. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisimulia kwamba wakirudi, usiku ule ule wanakaa barazani kuchora mkono wa blauzi ya mcheza filamu kabla hawajausahau, na asubuhi karatasi inapelekwa kwa fundi.

Lakini angalieni alivyofanya. Mkono wa Kihindi aliushonesha kwa kitambaa chake, kwa kipimo cha bega lake, akauvaa ndani ya baibui, akenda nao kwenye harusi iliyofanyika ndani ya nyumba yake. Filamu iliingia kwake kama mgeni. Haikumtoa yeye nyumbani ili ikae yenyewe.

Hapo ndipo ulipo ubishi wangu. Kupenda filamu si kosa. Kosa ni kutumia mapenzi yote, fedha zote na mabishano yote kwa kitu cha kubuni, kisha kitu cha kweli kikaanguka hakuna aliyekigombania.

Tumewahi kuona. Beit el Ajaib ilijengwa 1883, zama za Sayyid Barghash. Mji Mkongwe mzima ukaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Na Disemba 25, 2020 upande wa mbele wa jumba lile ukaanguka mchana, watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu. Tulilia, tukatumiana picha, wiki ikapita tukarudi kwenye mambo yetu. Nasema "tulilia" na mimi nimo. Siku ile nilikuwa namalizia magauni ya wasimamizi sita, na nilifuta machozi kwa mabaki ya satini.

Nyumba yetu

Nyumba ya bibi si jumba la sultani. Ni nyumba ya ghorofa moja, mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo inayoamua upana, na mti wa mkoko una mwisho wake. Warithi sisi ni 11. Mmoja yuko Muscat, wawili Dar es Salaam, mmoja ndiye huyo wa Florida, waliobaki tuko hapa hapa na kila mmoja ana nyumba yake ya tofali huko Fuoni na Kiembesamaki. Wenye nyumba Mji Mkongwe mnajua hadithi hii. Nyumba ya wote huwa haina mtu wa kupanda juu kutazama paa.

Mwaka juzi kaka yangu mmoja, kwa nia njema, aliuziba ule ufa kwa saruji. Fundi mzee tuliyemleta baadaye akatikisa kichwa. Ukuta wa mawe na chokaa, alisema, unapumua. Unanyonya maji ya mvua na kuyatoa wenyewe. Ukiupaka saruji umeuziba pua, maji yanabaki ndani, yanakula chokaa kimya kimya, na ufa unarudi mrefu zaidi. Dawa yake ni chokaa iliyolowekwa muda mrefu ikaiva, na kubadilisha boriti zilizooza pale juu maji yanapoingilia.

Na mnunuzi yupo. Anataka kuifanya hoteli ndogo. Bei yake nzuri, tukigawana kila mmoja anaondoka na kitu. Alipokuja alisema hatabadilisha sana, atataka ibaki na "sura ya Kiswahili". Ataning'iniza taa za shaba, atatandika vitanda vya samadari, ufa mmoja atauacha makusudi kwa uzuri wake. Siwalaumu wanaouza. Wapo wenye madeni, wapo wenye wagonjwa, na nyumba ikimwangukia jirani dhambi ni yetu sote. Lakini siku ile nilipoonyeshwa Harambe kwenye simu nilielewa nini kingetokea. Nyumba ya bibi ingekuwa hivyo hivyo: mahali pa kulipia kuingia, jioni unafungiwa mlango. Wajukuu wake tungepita nje tukisema, hapa zamani palikuwa kwetu.

Tulipokutana kikao cha familia, nilikuwa nimezoea kunyamaza. Fungu langu ni dogo kisheria, na sina ugomvi hata kidogo na hukumu ya Mwenyezi Mungu. Ila sauti haikugaiwa kwa mafungu. Safari hii nilisema. Nikawaeleza habari ya mtoto na kidole chake. Nikawaambia kuna watu Paris wanagombana usiku kucha juu ya ufa wa jiwe la uongo, na sisi 11 hatujawahi kugombana hata nusu saa juu ya ufa wa kweli. Tukagombana basi! Masaa mawili. Kaka yangu wa Dar es Salaam alipiga simu kuja juu, shemegi akaingilia, chai ikapoa. Huo ulikuwa ugomvi mzuri kuliko ukimya wote wa miaka iliyopita, kwa sababu kwa mara ya kwanza kila mtu alisema anakumbuka nini na anataka nini.

Tumekubaliana mwaka mmoja. Kabla ya masika paa lishughulikiwe na ukuta ule ubanduliwe saruji utiwe chokaa. Mimi natoa faida ya msimu wa harusi uliopita, mdogo wangu wa Florida ametoa fedha aliyoiweka kwa tiketi za mwaka za kile kiwanja, na mwanawe ndiye aliyemwambia. Baada ya mwaka tutakaa tena, kuuza au kutouza. Sijui itakuwaje. Inawezekana nikashindwa kwa kura. Lakini haitauzwa kwa kuchoka tu.

Kwenu mabibi harusi

Najua mtaniambia nini, maana nimeshaambiwa dukani. Nyumba za Mji Mkongwe ni ndogo, wageni 400 watakaa wapi? Ngazi ni za wima, bibi wa bwana harusi ana magoti. Gari zitaegeshwa wapi? Yote kweli. Sikuambieni muufute ukumbi. Nasema harusi yetu ina siku nyingi, na si zote zinahitaji wageni 400. Siku ya hina, siku ya kusingwa, siku ya somo kukaa na wewe chumbani, hizo zote ni za nyumba. Kama familia yako ina nyumba ya zamani, hata iwe shamba, hata iwe imechoka, ifungueni siku hizo. Fagieni, fukizeni udi, tandikeni mikeka ya ukindu, pigeni picha mlangoni kwenu. Watu wakiingia wataona boriti iliyooza, na aibu yake itamfanya mjomba atoe fedha. Mimi nimeliona hilo likitokea kwa macho yangu.

Na zile milioni tatu za barafu, zipigieni hesabu kabla. Sisemi mtoe zote. Dini yetu imetufundisha kufurahi katika ndoa na kuitangaza, ikatukataza israfu, na mstari baina ya viwili hivyo kila mmoja anaujua moyoni mwake anapoitazama risiti. Nauliza tu: kasri lililolala jalalani asubuhi, nani atalikumbuka? Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya ukuta nimeiuliza kwa fundi. Afadhali ufa.

Kitu kimoja zaidi, ili nisiwe nimepaka rangi na mimi. Nyumba hizi tunazozisifu nazo zina uchungu ndani yake. Mapaa ya chokaa ya zamani yalipondwa kwa magongo siku nyingi mfululizo na wanawake, wengi wao watumwa. Harambe ya kubuni haina kaburi wala kilio, ndiyo maana ni rahisi kuipenda. Kitu cha kweli kina madeni yake, na anayekipenda anayachukua na hayo.

Siku ya kuondoka, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, mtoto aliniomba tupite tena kwa bibi. Akachukua penseli, akaweka alama ndogo pale ufa ulipoishia juu, akaandika tarehe pembeni. Fundi mzee alimfundisha, ndivyo unavyojua kama ufa bado unatembea. Tangu siku ile kila Ijumaa baada ya Asri napita kuitazama alama ile na kumtumia picha. Wiki iliyopita ufa ulikuwa haujaipita.

Wiki ijayo, in shaa Allah, turudi kwenye shela. Wassalaam.